Matango ya kupanda juu kwenye uwanja mdogo wa Mwanza: fremu kwanza, mbegu baadaye

Habari zenu wapendwa. Nasikia watu wengi sana hapa Mwanza wanasema hawawezi kulima kitu nyumbani maana hamna eneo, ni mawe tu, na mi nawaelewa kabisa, nakaa Bugarika huku juu mlimani, uwanja wangu ukitoa mawe yaliyolala humo na sehemu ya kuanikia nguo unabaki na kama mita nne kwa mbili hivi. Lakini tango halihitaji eneo la chini likipewa sehemu ya kupanda juu. Nina mashina nane tu kwenye urefu wa mita tatu na yakianza kuzaa tunakula nyumbani, nagawia majirani, mengine nampa dada anayeuza chipsi hapo chini anakatia kachumbari.

Ukiliacha tango litambae chini linakula uwanja mzima, afu tunda linalala kwenye udongo, upande mmoja unabaki wa njano, konokono wanatoboa, mvua ikinyesha linaoza. Likipanda juu majani yanapata hewa yanakauka haraka, magonjwa yanapungua, tunda linaning'inia linanyooka vizuri na unaliona wakati wa kuchuma. Kwahiyo nawaelekeza ninavyofanya mimi hatua kwa hatua, na nimeanza na fremu makusudi maana hapo ndo wengi tunakosea.

HATUA YA 1: FREMU IWEPO KABLA HUJAGUSA MBEGU

Mara ya kwanza nilipanda mbegu nikasema fremu nitaweka zikikua. Tango lina haraka jamani, ndani ya wiki tatu au nne lishaanza kutoa vile vikono vyembamba vinavyojikunja kama springi, vinashika chochote kilicho karibu, majani, fimbo, hata shina la mwenzake. Mi nikaja na miti yangu wiki ya tano, nachimba mashimo nakata mizizi, nanyanyua mashina yaliyoshikana yanavunjika. Katika mashina kumi nikabaki na manne, na hayo manne yakadumaa. Toka siku hiyo kwangu mti unasimama kwanza.

Unahitaji miti mitatu ya urefu wa mita mbili na nusu, mikaratusi ile ya kujengea (wenyewe wanaita milingoti), unene wa kifundo cha mkono unatosha. Isimike kwenye mstari, mita moja na nusu kutoka mti mmoja mpaka mwingine, chini iingie sentimita 50 au 60 ili juu ibaki kama mita mbili, hapo unafika kwa mkono bila kupanda stuli. Juu funga mti mmoja wa kulala unaounganisha yote mitatu, tumia ule waya wa kufungia nondo.

Sasa sisi wa milimani ukichimba sentimita 20 unagonga jiwe. Usihangaike na sururu. Simamisha miti miwili kwa muundo wa paa la nyumba, vichwa vikutane juu na miguu ikae mbali mbali, fanya hivyo mwanzo na mwisho wa mstari afu lalisha mti wa juu kati yake. Kila mguu uzungushie mawe makubwa mpaka usitikisike. Mawe tunayo, yatumike. Mi upande mmoja nimefunga waya kwenye jabali lenyewe na hapo ndo pameshika kuliko kote.

Na nasisitiza kushika kwasababu ya upepo. Mchana unatoka ziwani unavuma kawaida tu, lakini zile mvua za radi za alfajiri wakati wa masika zinakuja na upepo wa kung'oa bati, na fremu iliyojaa majani ni kama tanga la mtumbwi, upepo ukilipata kwa ubavu linaondoka na kila kitu. Angalia kwako upepo mkali unatokea wapi, kisha elekeza fremu iangalie huko kwa ncha, isiangalie kwa ubavu. Kama una uhuru wa kuchagua basi mstari uende kaskazini kusini, asubuhi upande mmoja unapata jua na jioni upande wa pili.

Kitu kingine cha huku kwetu, usibandike fremu kwenye jabali linalopigwa na jua la mchana. Jabali linakunywa joto kutwa nzima, ukiligusa saa moja usiku bado la moto, na matango yanayoegemea hapo yananyauka kila siku mchana hata ukimwaga maji vipi. Acha angalau hatua moja kati ya jabali na mmea.

HATUA YA 2: WAVU

Unaweza kutumia kamba za katani, unashusha kamba moja kutoka juu kwa kila shina na unalizungushia taratibu kadri linavyorefuka. Inafanya kazi vizuri. Ila sisi wa ziwani tuna kitu kizuri zaidi na cha bei ndogo, nyavu chakavu.

Nilienda mwaloni Kirumba (kwenye soko la samaki) nikamkuta mzee mmoja anashona nyavu kivulini.
"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Unatafuta nini?"
"Wavu mbovu baba, wa kupandishia matango."
Akanivutia rundo, nikashika wa juu, akasema hapana, huo wa dagaa utakusumbua, jicho dogo, tango litakulia ndani libanwe. "Chukua wa jicho la mkono." Akakunja vidole vyake akaupitisha mkono kwenye tundu moja la wavu wa sangara mpaka kwenye kifundo, akautoa. "Mkono ukipita na kurudi, tango linapita."

Hicho ndo kipimo, mpaka leo sijapata kingine bora. Zile za timba za uzi mmoja mwembamba unaong'aa achana nazo, kwanza kuvulia ni haramu, pili uzi wake ni mkali, shina likiyumba na upepo linakatika. Wavu wa dagaa nao usiutupe, utakuja kuuhitaji kwa ajili ya kuku.

Ukifika nyumbani toa maboya na vile vizito vya chini, loweka wavu kwenye maji ya sabuni usiku mzima, suuza, uanike juani siku mbili. Usipofanya hivyo paka wa mtaa mzima watakuja kuutafuna kwa harufu ya samaki, mimi walinitoboa wavu usiku wa kwanza tu. Kisha ufunge juu kwenye mti wa kulala, uvute pembeni ukaze kama ngoma, chini uishie kiganja kimoja kutoka kwenye udongo. Wavu ulegevu ukibeba matango unashuka kama mfuko na mmea wote unajikunja katikati.

HATUA YA 3: UDONGO

Udongo wetu mwingi ni ule wa kichanga unaotokana na haya haya mawe, Wasukuma wanauita luseni. Uzuri wake maji hayatuami, na tango halipendi kukaa kwenye matope. Ubaya wake hauna chakula na maji yanapita kama kwenye chujio. Dawa yake ni samadi, na kanda hii samadi ya ng'ombe hatuna shida nayo, mama mkwe wangu yuko Magu kila nikienda narudi na kiroba kwenye daladala.

Chimba mtaro chini ya wavu, upana wa sentimita 40 na kina cha 30, mita tatu zote. Changanya udongo uliotoa na ndoo tatu za lita 20 za samadi iliyooza kabisa, urudishe, umwagie maji, uache wiki moja au mbili. Iliyooza ni ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu kali, inamomonyoka kama udongo wa msituni. Samadi mbichi inaunguza mizizi, ya kuku ndo mbaya zaidi, hiyo tumia kidogo sana na iwe imekaa miezi. Kama ukichimba hupati kina basi jenga kingo za mawe pembeni uinue tuta kwenda juu, ni kitu kile kile.

Kwa wale wenye maeneo karibu na maji, Luchelele, Igombe na huko kwingine, kumbukeni sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Rudi nyuma uchote maji kwa ndoo.

HATUA YA 4: LINI NA MBEGU GANI

Unaweza kupanda mwaka mzima kama una maji ila msimu unabadilisha shida utakayokutana nayo. Ukipanda Machi mmea unakulia ndani ya masika na majani yanashambuliwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Mimi napenda kupanda mwezi wa 5 mvua zikielekea kuisha, nakuja kuchuma mwezi wa 7 kiangazi, majani makavu, matango safi. Au mwezi wa 8 katikati ili nimalize mavuno mazuri kabla mvua za vuli hazijakolea.

Mbegu, Ashley inapatikana maduka mengi ya pembejeo na inavumilia magonjwa, kwa anayeanza inatosha kabisa. Kuna chotara pia zinazaa sana lakini ni ghali, na mbegu utakazotoa kwenye tunda la chotara ukizipanda haziji kama mama yao. Soma tarehe nyuma ya pakiti kabla hujalipa, mi nishauziwa pakiti iliyopita muda wake, nilingoja siku kumi na mbili hakuna hata moja iliyochungulia.

Panda moja kwa moja kwenye tuta maana mizizi ya tango haipendi kuhamishwa. Kila sentimita 40 fanya shimo la kina cha sentimita 2, yani kama pingili moja ya kidole, weka mbegu mbili, funika, mwagia maji kwa utaratibu. Kwa joto letu zinachungulia siku ya nne mpaka ya saba. Zikifika majani matatu acha moja yenye nguvu, hiyo nyingine IKATE kwa mkasi usiing'oe, ukiing'oa unatoka na mizizi ya mwenzake.

Na hapa ndo kazi ya wavu wa dagaa, zungushia tuta lote mpaka mimea ifike magotini. Kuku wa jirani akiingia dakika tano hubaki na kitu, na kuku hana wa kumshtaki.

HATUA YA 5: MAJI

Tango ni kama asilimia 95 maji. Hiyo 95 inatoka kwako. Mmea ukipata maji leo, kesho ukakosa, keshokutwa ukamwagiwa mengi, tunda linakuwa chungu na linajikunja, na uchungu huo ukishaingia hautoki wote hata ulimenye vipi. Wengi wanadhani mbegu ilikuwa mbaya kumbe ni maji yalikuwa ya kubahatisha.

Mimea ikiwa midogo lita moja kwa shina kila siku mbili inatosha. Ikianza kuchanua mpaka mwisho wa mavuno nampa kila shina kama lita mbili kwa siku kiangazi. Asubuhi, kwenye mizizi, sio juu ya majani, na jioni kabisa usiloweshe majani maana yatalala na unyevu na ndo ubwiri unapoingilia.

Huku mlimani maji ya bomba yana siku zake kwahiyo nimefukia chupa za lita moja na nusu, kila shina na yake. Unatoboa matundu manne madogo chini kwa sindano iliyopashwa moto, unaifukia shingo ibaki juu, unajaza. Inavuja taratibu kule kule kwenye mizizi, na hata maji ya kuoshea mchele au mboga unaweza kuyaweka humo. Ya sabuni hapana.

Funika tuta kwa makapi ya mpunga au nyasi kavu, unene wa vidole vinne, usiguse shina lenyewe. Magugu maji ya ziwani pia yanafaa ila yaanike juu ya mawe mpaka yakivunjwa yanalia, yakiwa mabichi yanabaki na uhai, na usichukue yale ya karibu na Mirongo inapomwagika ziwani, mto ule umepita katikati ya mji unabeba kila uchafu.

HATUA YA 6: KUPANDISHA NA KUPUNGUZA

Likifika kiganja kimoja anza kulielekeza kwenye wavu. Unalipitisha taratibu kwenye jicho moja, siku mbili baadae vile vikono vishashika vyenyewe. Fanya mchana likiwa limelegea, asubuhi linakuwa limejaa maji linakatika kama karoti. Pita kila siku mbili, dakika tano tu.

Machipukizi yote ya pembeni kuanzia chini mpaka kimo cha goti yatoe yakiwa madogo, pamoja na maua yake, ili hewa ipite chini na shina lipate nguvu. Juu ya hapo kwa Ashley usikate hovyo, matawi ya pembeni ndo yanabeba maua mengi ya kike. Likifika juu ya mti likate ncha.

Wiki ya tatu au ya nne weka mbolea ya kukuzia kama unatumia, kifuniko kimoja cha soda cha CAN kwa kila shina, kwenye duara la kiganja kutoka kwenye shina, ufukie na umwagie maji. Rudia yakianza kuzaa. Usizidishe, utapata majani ya kupendeza na matango machache.

MAUA, MAANA HAPA WATU WANAOGOPA BURE

Maua ya kwanza yataanguka yote na utadhani umerogwa. Ni ya kiume hayo, yanatangulia. Siku chache baadae angalia kwa makini nyuma ya ua, ukiona katango kadogo ka urefu wa kucha kana vinyweleo na vinundu kama tango kubwa kabisa, hilo ndo la kike. Ua hilo linafunguka siku moja tu, nyuki asipopita siku hiyo katango kanageuka njano kanaanguka, au kanakua upande mmoja mnene mwingine mwembamba.

Kama hauoni nyuki fanya mwenyewe saa mbili asubuhi. Chuma ua la kiume lililofunguka, ondoa yale majani ya njano yote, ubaki na kale kajiti ka katikati chenye unga, upakaze taratibu katikati ya ua la kike. Moja la kiume linatosha majike matatu. Mwanangu wa darasa la nne ndo mwenye kazi hii kwetu kabla hajaenda shule, anaweka kiuzi chekundu kwa kila alilopaka, na siku ya tatu ukikaona katango kamenenepa na ua limenyauka mbele yake unajua limeshika. Baadhi ya chotara zinazaa bila kuchavushwa, pakiti inakuwa imeandika.

WADUDU NA MAGONJWA

Adui mkubwa kwangu ni inzi wa matunda. Anatoboa tango likiwa dogo, unaona katone ka utomvu, tunda linaanza kujikunja, ukilipasua kuna funza. Kinga yake, tango likifika urefu wa kidole na ua limenyauka livishe mfuko wa gazeti au kipande cha chandarua kilichoisha kazi, ufunge kwa juu bila kubana. Yaliyotobolewa usiyatupe pembeni, mle ndani kuna kizazi kijacho, yafukie kina cha nusu mita au yafunge kwenye mfuko mweusi uache juani wiki nzima.

Vidukari na inzi weupe wanakaa chini ya jani, geuza majani kila wiki. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia siku ya nne. Shina likiwa na majani yenye mabaka mabaka ya njano na kijani yaliyokunjamana hilo ni batobato, halina dawa, ling'oe ulipeleke mbali, inauma lakini ling'oe, vidukari watalisambaza kwa yote.

Ubwiri unga ni ule kama umemwagiwa unga wa ngano juu ya jani. Toa majani yaliyoathirika, afu nyunyiza maziwa fresh sehemu moja kwa maji sehemu tisa kila wiki, ukiwahi mapema yanasaidia kweli. Ubwiri vinyoya unakuja na mvua, mabaka ya njano yenye pembe pembe juu na ukungu wa kijivu chini ya jani, huo unakimbia sana na hapo unaweza kulazimika kutumia dawa ya dukani. Ukitumia soma siku za kungoja kabla ya kuchuma, na uzingatie, maana tango tunalichuma kila siku mbili na tunalila bichi na maganda yake, watoto wanalishika wanang'ata hapo hapo. Piga jioni nyuki wakiwa wamelala.

KUCHUMA

Siku ya 45 mpaka 60 toka kupanda unaanza. Chuma likiwa na urefu wa sentimita 15 mpaka 20, kijani imekolea, gumu mkononi. Tumia kisu au mkasi uache kikonyo kidogo, ukivuta unashusha tawi zima. Asubuhi ndo linakuwa na baridi yake.

Pita kila siku mbili na utafute kweli kweli nyuma ya majani, kwa sababu tango moja ukilisahau likawa nene la njano, shina linaona kazi yake ya mbegu imeisha, linapunguza kuzaa. Nilisafiri siku tisa kwenye msiba Sengerema, nikarudi nikakuta matano ya njano kama mapapai na maua yameacha kabisa, nikayakata yote siku hiyo, ilichukua karibu wiki mbili kurudi kwenye mwendo. Kwahiyo ukisafiri mwambie jirani achume ale, unamsaidia yeye na shina linabaki linazaa. Kwenye friji weka ile droo ya chini, baridi kali inayafanya yawe na majimaji, mi nayafunga kwenye kitambaa kibichi kivulini siku mbili tatu hayana shida.

Ukitunza vizuri yanazaa wiki nne mpaka sita. Yakichoka kata mashina chini, mizizi iache iozee humo, ila majani yenye ugonjwa yachome. Msimu unaofuata hapo usirudishe tango wala boga wala tikiti, ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja, weka maharage yapande kwenye fremu hiyo hiyo, au mchicha. Wavu ufungue, utoe vikono vilivyokauka kwa mkono (inachosha, kaa kivulini na mtu mpige stori), uufue, uukunje uuweke ndani mbali na panya. Wangu huu ni msimu wa tano, nimeushona sehemu mbili tu.